Vumbi la Juja na jicho la angani: Nani hukagua vipimo vya setilaiti?

KILA msimu wa kiangazi ufikapo, hasa kati ya Januari na mapema Machi, vumbi hutanda Juja na viunga vyake. Malori yaliyosheheni mawe ya kujengea hutoka machimboni Ndarugu, upepo huvuma juu ya nyanda za udongo mweusi, na moshi wa magari katika Barabara Kuu ya Thika huchanganyika na ule wa takataka zinazochomwa vichochoroni.

Mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo, mkazi akitaka kujua hewa anayoivuta ina uchafu wa kiasi gani, mara nyingi jibu halitokani na chombo kilichowekwa Juja. Hutoka angani, kilomita 700 hivi juu ya kichwa chake, kwa setilaiti ambazo huzunguka dunia zikiitazama mchana na usiku.

Jambo hili si la wanasayansi pekee. Makadirio ya uchafu wa hewa yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa nchi zenye vituo vichache vya upimaji hutegemea kwa kiasi kikubwa takwimu za setilaiti, zikiunganishwa na hesabu za kompyuta pamoja na vipimo vichache vya ardhini. Kutokana na makadirio hayo hutolewa idadi ya vifo vinavyohusishwa na hewa chafu, na kutokana na idadi hiyo serikali na wafadhili huamua fedha zielekezwe wapi.

Ikiwa basi takwimu ya setilaiti ina kasoro, kasoro hiyo haibaki angani. Hushuka hadi katika mipango ya hospitali, barabara na viwanda. Ndiyo maana ni haki ya msomaji kuuliza: setilaiti hupima hewa, lakini ni nani hupima setilaiti?

Chembe zenyewe ni zipi?

Wataalamu huziita erosoli. Ni chembe ndogo mno, ngumu au za majimaji, zinazoelea hewani: vumbi, masizi, moshi wa kuni na dizeli, chumvi inayorushwa na mawimbi ya bahari, chavua ya maua, na majivu ya volkano.

Zile zinazohofiwa zaidi kwa afya ni zenye upana usiozidi mikromita 2.5. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa takriban mara 30 ya upana huo. Kwa udogo wake, chembe hizi hupita puani na kooni bila kizuizi na kuingia ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021, WHO ilipunguza kiwango inachopendekeza cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa.

Utafiti uliofanywa jijini Nairobi kati ya 2008 na 2010, na kuchapishwa mwaka 2014, ulikuta wastani wa mikrogramu 21. Kati ya uchafu huo, asilimia 74 ilitokana na vumbi la ardhini na magari. Mtu wa Juja, Ruiru au Thika hahitaji kuelezwa maana ya mambo hayo mawili.

Jinsi setilaiti inavyopima

Setilaiti haichoti hewa na kuipeleka kwenye maabara. Hutazama tu mwanga wa jua unaorudi juu baada ya kugonga ardhi na chembe zilizo njiani. Kazi ya mtaalamu ni kutenganisha mianga hiyo miwili: upi umetoka ardhini, na upi umetawanywa na chembe.

Chukua mfano wa meza yenye kioo juu yake. Ukitandika kitambaa cheusi chini ya kioo, vumbi lililotua juu yake huonekana waziwazi. Ukitandika kitambaa cheupe, vumbi lilelile hupotea machoni, ingawa halijapungua hata chembe.

Ndivyo ilivyo kwa setilaiti. Ikipita juu ya mashamba ya kahawa ya Ruiru yenye majani ya kijani kilichokoza, huona erosoli vizuri. Ikipita juu ya machimbo ya mawe, udongo ulio wazi au mapaa ya mabati yanayometameta, kazi yake huwa ngumu. Kosa dogo katika kukisia rangi ya ardhi hugeuka kosa kubwa katika kukisia uchafu wa hewa.

Kinachotolewa mwishoni ni namba moja ambayo hapa tutaiita kiwango cha uzibaji mwanga. Sifuri ina maana kwamba hakuna chembe kabisa. Kiwango kikiwa 0.1, na jua likiwa utosini, chembe huzuia takriban asilimia 10 ya mwanga unaokuja moja kwa moja. Kikifika 0.5 huzuia karibu asilimia 40, na kikifika 1 ni asilimia 37 pekee ya mwanga huo inayotufikia.

Chombo kilichotumiwa zaidi kwa kazi hii huitwa MODIS. Kimewekwa katika setilaiti mbili za Shirika la Anga la Marekani (NASA): Terra, iliyorushwa Desemba 1999, na Aqua, iliyorushwa Mei 2002. Terra pia imebeba chombo kiitwacho MISR, chenye kamera tisa zinazoitazama ardhi kwa pembe tofauti. Chombo cha VIIRS, kilichoanza safari mwaka 2011 katika setilaiti ya Suomi NPP, ndicho kilichoandaliwa kuipokea kazi ya MODIS.

Mizani na jiwe lake

Sheria ya Kenya kuhusu vipimo na mizani haimruhusu mfanyabiashara kutumia mizani ambayo haijakaguliwa. Afisa huja na mawe yenye uzito unaojulikana, huyaweka juu ya mizani, kisha hutazama mshale unaelekea wapi. Hakuna anayeuliza kama mizani inang'aa au imetoka ng'ambo. Kinachoulizwa ni kama inakubaliana na jiwe.

Setilaiti nayo ina jiwe lake. Ni mtandao wa vituo vya ardhini uitwao AERONET, ulioanzishwa na NASA mwaka 1993 na kuendeshwa kwa ushirikiano na watafiti wa Ufaransa na nchi nyingine nyingi. Kila kituo kina chombo kinachoelekezwa moja kwa moja kwenye jua, kikipima mwanga kiasi gani umezuiwa njiani.

Kwa kuwa chombo hicho hutazama jua lenyewe badala ya mwanga uliorudishwa na ardhi, hakina haja ya kukisia rangi ya udongo. Kosa lake ni dogo, takriban 0.01 hadi 0.02. Nacho pia hukaguliwa. Hurejeshwa kwenye maabara kila baada ya muda ili kulinganishwa na vyombo vya msingi, na takwimu zake hupangwa katika ngazi tatu: ghafi, zilizochujwa mawingu, na zilizothibitishwa ubora. Mtafiti makini hutumia ngazi ya tatu.

Kenya imebahatika kuwa na vituo vya aina hii katika sehemu tatu zenye mazingira tofauti. Malindi, katika kituo cha anga kinachoendeshwa na Waitaliano, hewa hubadilika kwa kupokezana kwa kaskazi na kusi, na huwa na chumvi ya bahari. Mbita, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria, ardhi na maji hukutana katika picha moja na kuisumbua setilaiti. Nairobi kuna magari, viwanda na mabati.

Mwaka 2017, watafiti Richard Boiyo, K. Raghavendra Kumar na Tianliang Zhao walichapisha katika jarida la Atmospheric Research utafiti uliolinganisha takwimu za setilaiti kadhaa na zile za vituo hivyo vitatu. Huo ndio ukaguzi wa mizani kwa maana yake halisi: si kusifu wala kulaumu, bali kuweka namba ya angani kando ya namba ya ardhini na kutazama tofauti.

Namna ya kulinganisha

Ulinganishaji huo si rahisi kama unavyosikika. Setilaiti hutazama eneo pana kwa nukta chache ya wakati, ilhali kituo cha ardhini hutazama mahali pamoja kwa muda mrefu. Mwaka 2002, Charles Ichoku na wenzake walipendekeza njia ambayo imefuatwa na wengi tangu hapo: chukua wastani wa setilaiti katika mraba wa kilomita 50 kwa 50 wenye kituo katikati, kisha uulinganishe na wastani wa kituo katika nusu saa kabla na nusu saa baada ya setilaiti kupita.

Baada ya kukusanya mamia ya jozi kama hizo, mtafiti huuliza maswali matatu. Je, namba hizo mbili hupanda na kushuka pamoja? Je, setilaiti ina mazoea ya kuzidisha au kupunguza? Na je, ni sehemu gani ya vipimo iliyo ndani ya kosa linalokubalika?

Kwa njia iliyozoeleka ya MODIS juu ya nchi kavu, kosa linalokubalika ni 0.05 na kuongezea asilimia 15 ya kipimo cha ardhini, juu au chini. Kipimo husemekana kuwa kizuri iwapo takriban thuluthi mbili ya jozi zote zimo ndani ya mipaka hiyo.

Tuone maana yake kwa hesabu. Tuseme kituo cha ardhini kimepata 0.20. Asilimia 15 yake ni 0.03, hivyo kosa linaloruhusiwa ni 0.08. Setilaiti ikitoa namba yoyote kati ya 0.12 na 0.28, imefaulu. Hewa ikiwa safi zaidi, kwa kiwango cha 0.10, namba yoyote kutoka 0.035 hadi 0.165 inakubalika. Hapo basi setilaiti "nzuri" yaweza kutoa theluthi ya ukweli au zaidi ya mara moja na nusu yake. Na kumbuka kwamba jozi moja katika kila tatu yaweza kuwa hata nje ya mipaka hiyo.

Hili halina maana kwamba setilaiti ni za kupuuzwa. Lina maana kuwa namba ya siku moja juu ya mji mmoja haipaswi kupigiwa tarumbeta.

Kosa linalopoa na kosa lisilopoa

Makosa ni ya aina mbili. Lipo kosa la kubahatisha, ambalo leo huzidisha na kesho hupunguza. Hilo hupoa ukichukua wastani wa siku nyingi. Na lipo kosa la mwegemeo, linaloelekea upande mmoja kila mara. Mizani inayopunja gramu 50 kila kilo haitapona kwa kupima magunia 1,000. Itakuwa imepunja mara nyingi zaidi tu.

Mwegemeo ndio unaohitaji jiwe la kupimia, maana hauonekani kwa kutazama takwimu za setilaiti peke yake. Ushahidi ulipatikana kwa Terra yenyewe. Mwaka 2010, Robert Levy na wenzake walionyesha kwamba Terra na Aqua zilikuwa zikitofautiana kuhusu mwelekeo wa erosoli juu ya nchi kavu: kadiri miaka ilivyopita, Terra ilionyesha kupungua ambako Aqua haikukuona. Hewa ni ileile. Kilichobadilika ni chombo cha Terra, kilichokuwa kikichakaa angani. Marekebisho yalifanywa katika toleo jipya la takwimu lililofuata.

Fikiria kama vituo vya ardhini havingekuwepo. Mtu angeweza kutangaza, kwa nia njema kabisa, kwamba hewa ya dunia inatakata.

Juja iko wapi katika hesabu hii?

Hapa ndipo suala linapomfikia msomaji wa Juja, Ruiru na Thika. Mji wa Juja uko kilomita 36 hivi kutoka Nairobi kwa barabara. Ukichora ule mraba wa kilomita 50 kwa 50 kuzunguka kituo cha Nairobi, pande zake hufika kilomita 25 kila upande. Juja huangukia ukingoni, na Thika huachwa nje kabisa. Kwa maneno mengine, hata pale ambapo setilaiti imethibitishwa kwa Nairobi, uthibitisho huo haukufanywa kwa machimbo ya Ndarugu wala kwa mashamba ya mananasi ya Thika.

Pili, kwa kawaida kipimo kimoja cha MODIS huwakilisha eneo la kilomita 10 kwa 10. Eneo hilo laweza kumeza mji wa Juja, chuo kikuu, mashamba na machimbo, kisha likatoa namba moja. Matoleo mapya zaidi hufikia kilomita 3, na hata kilomita 1, lakini hata hayo hayawezi kumwambia mzazi hewa ya uwanja wa shule iliyo kando ya barabara ya malori ikoje.

Tatu ni mawingu. Kati ya Juni na Agosti, baridi na mawingu mazito hutanda juu ya nyanda hizi kwa siku nyingi mfululizo, na setilaiti haiwezi kupima erosoli chini ya mawingu. Hivyo wastani wa mwaka huelemea siku zenye jua, ilhali siku za baridi, ambazo watu huwasha makaa ndani ya nyumba, huachwa bila kuandikwa. Aidha, ukingo wa wingu waweza kuchukuliwa kimakosa kuwa moshi.

Nne ni saa. Kwa miaka mingi Terra ilipita mnamo saa nne na nusu asubuhi na Aqua saa saba na nusu mchana. Tangu miaka ya mwanzo ya 2020 saa hizo zimekuwa zikisogea kwa kuwa njia za setilaiti hizo kongwe hazirekebishwi tena. Kwa vyovyote vile, msongamano wa magari wa alfajiri na moshi wa majiko ya jioni haukuwahi kuingia katika picha hizo.

Tano, na pengine muhimu kuliko yote, setilaiti hupima chembe zote kutoka ardhini hadi juu kabisa. Mapafu huvuta zilizo chini tu. Moshi wa mashamba yanayochomwa mbali waweza kupita juu sana bila kumgusa mtu, huku namba ya setilaiti ikipanda. Kinyume chake, moshi mzito wa jaa la taka, uliolala chini asubuhi ya baridi, waweza kumuumiza jirani bila setilaiti kushtuka. Unyevu nao huvimbisha chembe zikazuia mwanga zaidi bila uzito wake mkavu kuongezeka.

Kipi kiaminiwe?

Baada ya kasoro hizo zote, ni haki kutaja pia sifa. Setilaiti hufika pasipofika mtu. Zimeonyesha jinsi vumbi la jangwani linavyosafiri kuvuka bahari, na jinsi moto wa mashamba katika Afrika ya kati na kusini unavyojirudia kila mwaka kati ya Juni na Oktoba. Kwa wastani wa miezi na miaka, juu ya eneo pana, na kwa kulinganisha msimu na msimu, takwimu zake ni za thamani kubwa.

Kwa hiyo, msomaji akikutana na tarakimu inayodai hewa ya mji fulani ni chafu kiasi kadhaa, na aulize: Je, namba hii ilipimwa ardhini au ilikadiriwa kutoka angani? Ni ya siku moja au ni wastani wa muda mrefu? Kituo cha ardhini kilichotumiwa kuikagua kiko umbali gani? Na je, mipaka ya kosa imetajwa? Tarakimu isiyotajiwa kosa lake ni sawa na bei isiyotajiwa kipimo.

Jiwe letu wenyewe

Suluhisho si kuacha kutazama angani, bali ni kuongeza macho ya ardhini. Njia zipo. Mwaka 2018, watafiti walichapisha kazi iliyotumia vyombo vya bei nafuu Nairobi na Nanyuki, baada ya kuvirekebisha kwa kuvilinganisha na chombo sahihi zaidi. Mwaka 2020, utafiti mwingine ulitumia kumbukumbu za umbali ambao macho huweza kuona, na kukadiria kwamba uchafu wa chembe Nairobi uliongezeka kwa asilimia 182 tangu miaka ya 1970. Kumbukumbu za aina hiyo, zilizoandikwa siku baada ya siku na wapimaji wa hali ya hewa, ziligeuka hazina.

Kutegemea macho ya wengine kuna hatari yake. Machi 2025, Marekani ilisitisha kutangaza takwimu za hewa zilizokuwa zikikusanywa katika balozi zake duniani, zikiwemo za Kampala na Addis Ababa. Uamuzi wa siku moja, uliofanywa mbali, ulizima taa ambayo wakazi wa miji hiyo waliizoea.

Juja ina Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ambacho wanafunzi wake hufundishwa fizikia, uhandisi na takwimu hatua chache kutoka palipo na vumbi lenyewe. Chombo kimoja cha kutazama jua na vingine vichache vya kupima chembe karibu na ardhi, vikitunzwa na kurekebishwa inavyotakiwa, vingeweza kuwa jiwe la kukagulia setilaiti kwa ukanda mzima kutoka Ruiru hadi Thika.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Kanuni za Ubora wa Hewa za mwaka 2014 nazo ziliweka viwango. Lakini mkazi anayelalamikia vumbi la machimbo hawezi kwenda mbele ya sheria na namba iliyochukuliwa kwa wastani wa kilomita 100 za mraba, saa za mchana, siku isiyo na mawingu. Atahitaji kipimo cha mahali anapoishi, na ushahidi kwamba chombo kilichokitoa kilikaguliwa.

Mizani isiyokaguliwa si lazima iwe mbovu. Tatizo ni kwamba mnunuzi hana njia ya kujua, na katika biashara hii ya hewa kinachopimwa ni pumzi za watoto wake.